Siku ya Kuchunga Kondoo na Mbwa: Maswali Tunayoulizwa Kila Mara

Kila tukituma picha za kondoo na mbwa kwenye kundi la WhatsApp, simu zinafuata. Wapo wanaocheka, wapo wanaotaka kuja. Sisi ni marafiki wachache, wengi wetu tumetoka Kenya na Tanzania na tunaishi kaskazini mwa Uingereza. Jumamosi moja moja tunakwenda Cumbria kwa mfugaji anayetufungulia malango yake sisi na mbwa wetu. Nimeyakusanya maswali yote hapa ili nisiwe naandika jibu lilelile kila wiki.

Hivi siku nzima mnafanya nini hasa?

Kidogo sana, na raha yake iko hapo. Tunafika saa nne asubuhi, tunakunywa chai, kisha mwenyeji anatutolea kondoo watano au sita waliozoea mbwa. Mwenye mbwa anaingia malishoni kwa zamu, dakika kumi au kumi na tano, halafu anatoka mbwa apumzike. Tuliobaki tunaegemea ukuta wa mawe, tunatazama na kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Mchana tunakula. Alasiri, mvua ikituhurumia, tunamsaidia mwenyeji kazi ya kweli: kuhamisha kundi, au kulileta zizini kondoo wakaguliwe kwato.

Ukija ukitarajia mbio na makelele, utachoka mapema. Siku ikienda vizuri, kondoo wanatembea tu, wengine wakiokota majani njiani, na mgeni anauliza mchezo unaanza saa ngapi wakati umeshakwisha.

Kwani kuchunga si kazi? Mtu anafanyaje kazi ya watu kuwa starehe?

Mjomba wangu aliposikia aliuliza kama mambo yameniharibikia huku Ulaya. Namwelewa. Aliyechunga kwa lazima tangu utotoni, jua kali, njaa, na kipigo akipoteza mwana-kondoo mmoja, hawezi kuona starehe hapo kwa haraka.

Lakini hata hapa watu walianza kukusanyika kutazama kazi hii zamani. Mashindano ya kwanza ya mbwa wa kondoo yanayojulikana Uingereza yalifanyika Bala, Wales, tarehe 9 Oktoba 1873. Walishindana mbwa kumi mbele ya watazamaji kama mia tatu, na mshindi alikuwa mbwa aitwaye Tweed, mali ya Mskoti aliyehamia Wales. Sisi hatushindani. Tumechukua ile sehemu ya kusimama na kutazama, tukaongeza chapati.

Mnatumia mbwa wa aina gani?

Karibu wote ni border collie, wale weusi kwa weupe. Habari yao inaanzia Northumberland, mpakani mwa England na Uskoti. Mwaka 1893 mfugaji Adam Telfer alipandisha dume mpole, Roy, na jike mwenye macho makali na wasiwasi mwingi, Meg. Akazaliwa Hemp, ambaye leo anaitwa Old Hemp. Mbwa wengi wa wakati ule walikuwa wa kubweka na kusukuma kwa nguvu. Hemp alifanya kazi kimya, na kondoo walimkubali bila kuhangaika. Wafugaji wakamtaka kwa majike yao, akazaa watoto zaidi ya mia mbili kabla ya kufa mwaka 1901. Karibu kila border collie wa leo ana damu yake.

Huwa namtaja kwa sababu wageni wengi wanadhani mbwa mzuri ni yule anayekimbia sana. Ukoo mzima huu umejengwa juu ya mbwa aliyesifiwa kwa utulivu.

Wapo wengine. Kelpie wa Australia anaweza kupita juu ya migongo ya kondoo waliobanana zizini. Huntaway wa New Zealand, yeye kubweka ndiyo kazi yake, kwa kuwa milima ya kule ni mikubwa na kondoo wametawanyika. Rafiki yetu mmoja huja na mbwa ambaye hatujui ukoo wake. Anafanya vizuri kuliko baadhi ya wenye vyeti.

Mbwa anajuaje la kufanya?

Swali hili ndilo ninalolipenda, kwa hiyo mnivumilie.

Anachofanya border collie ni uwindaji uliokatwa kabla ya mwisho. Mbwa mwitu hunyemelea, hukazia macho, huzunguka, hukimbiza, huuma, huua. Kwa vizazi vingi wafugaji walichagua mbwa wenye hatua za mwanzo kwa nguvu na za mwisho kwa udhaifu. Ndiyo maana anainama, kichwa chini, jicho halipepesi. Hakuna aliyemfundisha mkao ule. Mtoto wa mbwa wa miezi michache anaweza kuufanya mbele ya kuku.

Jambo la pili ni duara. Wewe uko upande mmoja wa kondoo, na mbwa kwa silika anataka kuwa upande wa pili, uso kwa uso nawe, kondoo wakiwa katikati. Ukisogea kushoto, naye anahama ili abaki kukukabili ng'ambo ya kundi. Kwa hiyo mwanafunzi akirudi nyuma polepole huku akipinda huku na kule, mbwa anamletea kondoo bila amri hata moja. Mara ya kwanza mtu akiona hivyo hucheka kwa mshangao, hata watu wazima wenye vyeo vyao.

La tatu ni umbali. Kila kondoo ana mpaka usioonekana kumzunguka. Mbwa akiwa nje ya mpaka, kondoo anaendelea kula. Akiukanyaga, kondoo anaondoka. Akiuvunja kwa kasi, kondoo anatimka au anageuka kupigana. Macho ya kondoo yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa, hivyo hakuna kumvizia. Mbwa akitokea nyuma ya bega, kondoo anakwenda mbele. Akitokea mbele ya bega, anageuka. Ufundi wote wa mbwa mwenye uzoefu ni kucheza na mpaka ule kwa hatua moja moja.

Mbwa akitumwa mbali, hakimbii moja kwa moja. Anatoka kwa njia yenye umbo la parachichi: nyembamba kwako, pana upande wa kondoo, ili asiwashtue kabla hajafika nyuma yao. Akifika anatulia. Kisha inakuja ile nukta ambayo kondoo wanainua vichwa na kuanza kutembea. Waamuzi wa mashindano wanaitazama sana nukta hiyo, kwa sababu kondoo walioshtuliwa pale watakuwa na wasiwasi njia nzima.

Mnawaamrisha kwa lugha gani?

Mbwa aliyenunuliwa amefundishwa ana maneno yake, na ni heri uyajifunze wewe kuliko kumbadilisha. Hapa “come bye” ni kuzunguka kondoo kufuata mishale ya saa, na “away” ni kinyume chake. Yapo ya kulala chini, kusogea taratibu, na kuacha kazi urudi. Mbali, sauti ikishindwa na upepo, inatumika filimbi bapa inayokaa ndani ya mdomo. Kuipuliza kunahitaji majuma ya kuwaudhi majirani.

Mbwa tuliowalea wenyewe wanasikia Kiswahili. “Lala.” “Twende.” “Basi.” Mwenyeji wetu sasa anazijua zote tatu, na hiyo “basi” anaitumia hata kwetu tukizidisha mazungumzo.

Kinachoshinda maneno ni toni. Ukipandisha sauti, mbwa anapandisha kasi, kondoo wanapandisha hofu, na ndani ya nusu dakika wote mko kwenye kona ya shamba mnatazamana.

Hawang'ati kondoo?

Hutokea, hasa mbwa kijana akibanwa au akiogopa. Tukiona hivyo tunamtoa, tunampa nafasi atulie, na akirudi anaanzia mbali zaidi. Mbwa mwenye mazoea ya kuuma haingii kabisa mpaka afundishwe na anayejua. Kwenye mashindano kuuma bila sababu kunakutoa uwanjani papo hapo.

Kwa hiyo kondoo hawateseki?

Wanaweza kuteseka, tukiwa wazembe. Kondoo anayehema mdomo wazi amechoka na anatakiwa kuachwa. Hatutumii kundi moja siku nzima. Siku ya joto tunaanza mapema na kuacha kabla ya saa sita, kwa kuwa kondoo mwenye manyoya ambayo hayajakatwa anapata joto haraka kuliko unavyodhani, na mbwa hali kadhalika. Maji yapo kila kona.

Watu wanawaita kondoo wajinga. Mwaka 2001 watafiti wa Taasisi ya Babraham karibu na Cambridge walionyesha kwamba kondoo anaweza kukumbuka sura za kondoo wenzake hamsini kwa miaka miwili. Mimi harusini tu majina yananipotea.

Nenda uwaone Herdwick, kondoo wa milima ya Cumbria. Wanazaliwa weusi, wanakuwa kijivu kadiri wanavyokua, na nyuso zao ni nyeupe kama walioamka wakajipaka poda. Mlimani kwao maeneo mengi hayana uzio. Mama anamfundisha mwanawe sehemu yao ya kulisha, na mwana akikua anawafundisha wake, kizazi hadi kizazi. Ndiyo maana ugonjwa wa miguu na midomo wa mwaka 2001 uliwauma wafugaji wa hapa kuliko hesabu ya fedha. Mamilioni ya mifugo waliuawa nchini kuuzuia, na kundi linalojua mlima wake huwezi kulinunua mnadani. Lazima uwafundishe upya kondoo wageni, kwa miaka, mtu na mbwa wakisimama pale palipokuwa na kumbukumbu.

Sijui chochote na sina mbwa. Nitafanya nini?

Utashika lango. Usidharau. Lango likifunguliwa mapema kondoo wanapita vibaya, likifunguliwa kwa kuchelewa wanageuka, na aliyesimama katikati ya uwazi badala ya kujificha nyuma ya lango ndiye anayewazuia bila kujua. Ukiweza lango, tutakupa mbwa mtu mzima asiye na haraka, uingie naye. Yeye atakufundisha wewe.

Malango ya njiani tunayaacha tulivyoyakuta: lililofungwa lifungwe, lililo wazi libaki wazi. Hilo halina mjadala.

Naweza kuja na mbwa wangu wa nyumbani?

Mlete, lakini akiwa kwenye kamba, na usimfungue mpaka uambiwe. Kwanza tunamtembeza nje ya uzio tuone anavyowaangalia kondoo. Wengine hawajali kabisa, wananusa nyasi. Wengine wanawaka. Mara ya kwanza huingia na kamba ndefu, ndani ya eneo dogo la duara, pamoja na mtu mwenye uzoefu. Kwa border collie mafunzo ya dhati huanza akikaribia mwaka mmoja, akiwa na mbio za kuwapita kondoo. Kabla ya hapo anajifunza tu kuwakimbiza.

Awe amepewa dawa ya minyoo. Hili tunalikazia kwa sababu mbwa hubeba tegu. Aina moja huingia kwenye ubongo wa kondoo akawa anazunguka mahali pamoja hadi afe. Aina nyingine humpata binadamu na kumwotesha uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Waliotoka Turkana wanaufahamu ugonjwa huo. Shirika la afya la AMREF liliendesha kampeni kubwa kule kuanzia miaka ya 1980 kuudhibiti, na kuwapa mbwa dawa kulikuwa sehemu ya kampeni yenyewe. Vilevile mbwa asipewe nyama mbichi ya kondoo wala mizoga. Na kinyesi cha mbwa wako unakiokota, hata kama ni porini na hakuna anayekuona.

Mimi ni Muislamu. Nitakuwaje kati ya mbwa?

Tuna Waislamu kadhaa kwenye kundi, wawili ni wa Pwani, na wao ndio waliotufundisha namna ya kupanga siku. Hadithi inayokataza kufuga mbwa bila sababu imewatoa mbwa wa mifugo na wa uwindaji, kwa hiyo kuwepo kwa mbwa wa kuchungia si tatizo kwa walio wengi. Suala linalobaki ni mate na unyevu, na hapo madhehebu yanatofautiana: Washafii, ambao ndio wengi kwetu, ni wakali kuliko Wamaliki. Muulize shehe wako, si mimi. Tunachofanya ni hiki: chakula kiko meza ya mbali ambako mbwa hawafiki, maji ya kutawadha yapo, pa kuswalia ni ndani ya ghala safi, na mbwa hawaachwi wakawarukia watu. Hakuna atakayekulazimisha kumshika mbwa.

Na anayeogopa mbwa?

Atasimama upande wa pili wa ukuta mpaka mwenyewe aamue. Mbwa hawa kondoo wakiwepo hawana habari na binadamu. Unaweza kumwita mbwa wako umpendaye asigeuze hata sikio. Waoga wengi hulegea baada ya kugundua hilo.

Msimu gani ni mzuri?

Mwisho wa kiangazi na mwanzo wa vuli, Agosti hadi Oktoba. Kondoo wameshakatwa manyoya, watoto wamekua, na siku bado ni ndefu. Novemba madume wanaachiwa kwa majike na mfugaji hataki fujo. Mimba ya kondoo ni kama miezi mitano, kwa hiyo milimani wanazaa Aprili. Kuanzia katikati ya baridi mpaka watoto wapate nguvu hatupeleki mbwa wanafunzi karibu na majike. Jike mwenye mimba akikimbizwa anaweza kuharibu mimba, na mwenye mtoto mchanga atampiga mbwa kichwa barabara. Miezi hiyo tunakutana mjini, tunakula na kulalamika juu ya baridi.

Nivae nini, nije na chakula gani?

Gambuti, koti la mvua hata kama utabiri unasema jua, na suruali ambayo hutaililia. Nguo ndefu ni muhimu kwa sababu ya kupe. Jioni jikague miguu na kiuno, na mbwa naye mkague masikioni. Simu itie ndani ya mfuko wa plastiki. Mtandao haupo.

Chakula ni cha kuchangia. Chapati na mandazi huisha kwanza, kwa hiyo anayeandika “nitaleta biskuti” tunamjua. Supu ya moto kwenye chupa inathaminiwa kuliko soda. Na ndiyo, tunakula nyama ya kondoo, ya shamba hilohilo, mwenyeji mwenyewe ndiye anayetuuzia. Aliyetegemea kwamba mchungaji hali kondoo hajawahi kukaa na wachungaji.

Watoto wanaruhusiwa?

Ndiyo, na mzazi awe macho. Zizini hawaingii, kondoo mzima akimrukia mtoto atamvunja. Kazi yao ni kuhesabu kondoo wanaopita langoni. Mwenyeji huwafundisha hesabu ya zamani ya wachungaji wa huku, “yan, tan, tethera, methera, pimp”, maana yake moja mpaka tano. Wanarudi nayo shuleni, na walimu wanatupigia.

Mbwa akitukimbia akaingia shamba la jirani?

Niseme wazi. Kwa sheria ya mwaka 1953 inayotumika England na Wales, mbwa anayesumbua mifugo shambani ni kosa la mwenye mbwa, na kusumbua si kuuma tu. Kukimbiza kunatosha, na kuzurura bila kamba kati ya kondoo kunatosha. Mbwa wa kondoo aliye kazini ameondolewa kwenye kifungu hicho cha kuzurura, wako wa nyumbani hajaondolewa. Mfugaji anayelinda mifugo yake anaweza, katika mazingira fulani, kumpiga mbwa risasi na sheria ikamtetea. Ndiyo maana hatufungui kamba mpaka tuhesabu malango.

Nimewapenda. Ninunue mbwa wangu?

Subiri. Border collie ndani ya fleti, mwenyewe uko kazini saa kumi kwa siku, atajitafutia kazi: atawachunga watoto, baiskeli, mwishowe ukuta. Bei nayo ichunguze. Mbwa aliyefundishwa vizuri ni ghali. Mwaka 2021 jike wa Wales ambaye hakuwa hata na mwaka mmoja aliuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni 27,000. Njoo kwanza utumie wa wenzako.

Je, jambo hili linaweza kufanyika nyumbani, Kenya au Tanzania?

Nimewahi kuulizwa na mtu aliyekwisha kupanga kusafirisha mbwa. Jibu langu lilikuwa hapana, na sijabadilika. Manyoya mazito kwenye joto, na homa za kupe ambazo mbwa mgeni hana kinga nazo; mbwa wa kienyeji amezipitia. Tena kazi yenyewe ni tofauti. Umasaini mbwa anafuatana na mchungaji na kulala bomani, naye ni mlinzi: anabwekea fisi na chui, watu wanaamka. Kugeuza kondoo ni kazi ya mchungaji, kwa mluzi, kwa sauti, na kwa kundi kumfahamu. Pasipo na uzio na penye wanyama wakali, mimi ningechagua hivyo hivyo.

Kondoo wenyewe ndio wamekwisha kusafiri. Dorper anayeonekana sasa kwenye mashamba mengi ya Kenya alitengenezwa Afrika Kusini kwa kuchanganya Dorset wa Uingereza na kondoo mwenye kichwa cheusi wa asili ya Usomali. Hukua haraka na kuuzika, lakini kwa minyoo ya tumbo anashindwa na kondoo mwekundu wa Kimasai, ambaye watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, walimchunguza kwa miaka kwa uhimilivu wake. Ukienda likizo Kajiado, omba kutembea nusu siku na wachungaji na kondoo hao wekundu. Nenda na sukari na majani ya chai kwa mama wa boma. Wao hawatakuita mwanafunzi, watakucheka tu.

Mnamaliza saa ngapi, na nitarudi ninanuka?

Saa kumi jioni, mapema zaidi mvua ikizidi. Utanuka, ndiyo. Mafuta ya manyoya ya kondoo hayatoki mikononi kwa maji baridi, tumia ya moto na sabuni ya vyombo. Viatu viache nje ya gari. Tunaokuja na treni tuna behewa letu la mwisho, na kwa kawaida tunakaa peke yetu.